Siti binti Saad: Mfinyanzi wa Fumba na Sauti Iliyovuka Bahari



Ni desturi ya vitabu vya namna hii kutenga kurasa chache kwa ajili ya maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kututangulia. Mara nyingi huchaguliwa mtakatifu, mfalme au kiongozi wa taifa. Safari hii tumemchagua mwanamke Mwislamu, mzaliwa wa kijiji cha Unguja, binti wa ukoo wa watumwa, ambaye hakupata kuketi darasani hata siku moja. Baadhi ya wazee wetu walituuliza kwa upole kwa nini tumwache mshairi Narsinh Mehta au Mirabai, ambao nyimbo zao za ibada zinaimbwa hekaluni kila wiki, tukamwandike mwimbaji wa taarabu. Swali lao ni la haki, nasi tunaona ni wajibu wetu kulijibu kabla ya kuendelea.

Majirani zetu wengi wamefika uani kwetu wakati wa Navratri, zile siku tisa za kumwadhimisha Mama Mtukufu. Wameona wanawake wetu wakicheza garba kwa kuzunguka duara, na katikati ya duara kimewekwa chungu cha udongo chenye matundu, ndani yake taa inawaka. Chungu kile ndicho chenyewe garbo, na ngoma imepata jina kutoka kwake. Hakuna garba bila chungu, wala hakuna chungu bila mfinyanzi. Siti binti Saad, kabla hajawa sauti ya pwani nzima, alikuwa mfinyanzi na muuza vyungu. Jamii ambayo humzunguka Mungu wake kwa kukizunguka chungu haipaswi kuona ajabu kumheshimu mwanamke aliyetoka katika kazi ile.

Lakini ipo sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Njia ya maisha yake na njia ya wazee wetu zilikutana baharini, na katika kukutana huko tulibaki na deni. Tutalieleza deni hilo mahali pake.

Binti aliyeitwa Mtumwa

Alizaliwa Fumba, kusini magharibi ya kisiwa cha Unguja, mnamo mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa wa asili ya Kinyamwezi na mama yake wa asili ya Kizigua. Yaani damu yake ilitoka bara, katika nchi za Tabora na Tanga, kwa njia ile ya huzuni iliyowatoa watu wengi bara na kuwafikisha visiwani. Mtoto alipozaliwa alipewa jina la Mtumwa. Hakuna haja ya kufafanua jina hilo.

Inafaa tukumbuke hali ya Unguja ya siku zile. Soko la watumwa la mjini lilifungwa mwaka 1873 katika enzi ya Seyyid Barghash, kwa shinikizo la Waingereza. Hata hivyo kufungwa kwa soko hakukuwa kufutwa kwa utumwa. Sheria ya kuuondoa utumwa Unguja na Pemba ilikuja mwaka 1897, wakati binti huyu amekwisha kuwa msichana wa miaka kama 17. Basi utoto wake wote aliuishi katika nchi ambayo mtu kummiliki mtu lilikuwa jambo halali, na hata baada ya sheria hiyo, asili ya mtu iliendelea kutazamwa usoni, katika mavazi, katika namna ya kusalimiwa na katika nafasi ya kuketi.

Katika familia yake ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake, naye alijifunza kwa mama yake. Kwetu Gujarat mfinyanzi, yaani kumbhar, kwa kawaida ni mwanamume aketiye mbele ya gurudumu. Katika pwani hii wanawake ndio wenye kazi hiyo, nao hufinyanga kwa mikono mitupu bila gurudumu: udongo huchimbwa, hupondwa, huviringishwa na kupandishwa ukuta wa chombo pole pole, kisha chombo hukaushwa na kuchomwa kwa moto wa wazi. Ni kazi ya subira, na faida yake ni ndogo, kwa sababu mnunuzi wa chungu ni maskini kama mfinyanzi wake.

Vyungu vilipokuwa tayari, binti alivitia kichwani na kuvitembeza, vijijini na hata mjini, mwendo wa karibu kilomita 20. Mchuuzi hana budi kunadi bidhaa yake. Sisi tulio katika biashara tunaijua nguvu ya mnadi mzuri, lakini tunaambiwa kwamba mnadi wa binti huyu ulikuwa wa namna ya peke yake: wenye haja ya vyungu walitambua kwa mbali kwamba yuaja kabla hawajamwona. Barabara ile ya Fumba ndiyo iliyokuwa shule yake ya kwanza ya kuimba.

Mjini na jina jipya

Mnamo mwaka 1911 aliamua kuhamia mjini. Hakwenda na mali, wala elimu, wala ukoo wa kumtangulizia salamu. Wala uso wake haukuwa wa kuwashangaza watu. Waliomwandika wamelisema hilo bila kificho, nasi tunalitaja kwa sababu baadaye lilitumiwa kama silaha dhidi yake.

Mjini alikutana na Muhsin Ali, mtu aliyejua muziki, ambaye aliisikia sauti yake na kutambua thamani yake. Muhsin Ali alimfundisha kuimba kwa utaratibu na kumjulisha kwa wanamuziki wengine. Kwa wasiofahamu, tueleze kwamba taarabu ya Unguja ilikuwa imeanza kama burudani ya jumba la mfalme. Seyyid Barghash, ambaye kabla ya kutawala alipata kukaa uhamishoni Bombay, alipenda muziki na alimpeleka Mohamed bin Ibrahim nchini Misri ili akajifunze kupiga kanuni. Baadaye waungwana wa mjini walianzisha chama chao, Nadi Ikhwani Safaa, mwaka 1905. Vyombo vilikuwa vya Kiarabu, waimbaji walikuwa wanaume, na lugha ya nyimbo ilikuwa Kiarabu. Mwananchi wa kawaida aliyepita chini ya dirisha alisikia sauti tamu, lakini maneno hakuyaelewa.

Huyu mwanamke wa Fumba ndiye aliyeingia katika nyumba hiyo iliyofungwa na kuufungua mlango kutoka ndani. Aliungana na wanamuziki hodari wa wakati wake, miongoni mwao Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruk na Maalim Shaaban, wakawa kundi moja. Aliweza kuimba kwa Kiarabu, na tunapenda kuongeza kwamba aliweza kuimba kwa Kihindi pia pale wenyeji wake walipokuwa Wahindi. Lakini heshima yake kubwa ni kwamba alikitia Kiswahili katikati ya taarabu na kukiketisha kitini. Tangu hapo mpishi na bwana wake waliweza kusikiliza wimbo mmoja na kuuelewa wote wawili.

Jina la Siti alipewa hapo mjini na mtu wa ukoo wa Kiarabu aliyevutiwa na uimbaji wake. Maana yake ni bibi, mwanamke wa heshima. Tulitafakari jambo hili. Mtu alizaliwa akiitwa Mtumwa na akazikwa akiitwa Siti, na hapakuwa na mali wala jeshi katikati ya majina hayo mawili. Palikuwa na sauti na bidii ya kujifunza.

Wenye husuda hawakukosekana. Walitungwa waimbaji wa kumbeza, wakamkumbusha kwamba jana tu alikuwa mchuuzi wa vyungu aliyetoka shamba, wakautaja uso wake na asili yake. Siti hakujibu kwa matusi. Alijibu kwa wimbo ambao maana yake ni kwamba uzuri wa sura na fahari ya ukoo si kitu mbele ya akili na mwenendo mwema. Wimbo ule wa kumtukana unakumbukwa leo kwa sababu tu ya jibu lake.

Safari ya Bombay

Sasa tunafika mahali ambapo njia yake na njia ya wazee wetu zilikutana.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya gramafoni ya His Master's Voice, ile ambayo santuri zake zilikuwa na picha ya mbwa anayesikiliza mbele ya bomba. Nyimbo hizo zinahesabiwa miongoni mwa santuri za mwanzo kabisa za Kiswahili, na Siti miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki ambao sauti zao ziliuzwa madukani.

Fikirini, ndugu wasomaji, safari hiyo ilivyokuwa. Katika miaka hiyohiyo babu zetu na bibi zetu walikuwa wakipanda meli za British India, au majahazi yaliyofuata upepo wa kaskazi, kutoka Mandvi, Jamnagar, Porbandar na Bombay, wakija Unguja, Mombasa na Dar es Salaam. Walikuja na sanduku la bati, godoro lililokunjwa na anwani ya jamaa aliyetangulia. Hofu ya maji ilikuwa ileile na harufu ya meli ilikuwa ileile. Wao walikuwa wakija huku kutafuta riziki; yeye alikuwa akienda kule kupeleka kitu ambacho Bombay yenyewe haikuwa nacho. Sisi tuliozaliwa hapa tumezoea kusimulia safari ya upande mmoja tu, kana kwamba bahari ina njia moja. Safari ya Siti inatukumbusha kwamba watu wa pwani hii nao walivuka, na walivuka kama mabingwa wa kazi yao.

Santuri zilipofika Afrika Mashariki zilinunuliwa kwa makumi ya maelfu katika muda wa miaka michache. Kwa zama zile ambazo gramafoni ilikuwa mali ya watu wachache, hesabu hiyo ni kubwa mno. Lakini gramafoni moja ilitosha mtaa mzima. Ilichezwa mkahawani na barazani, na watu wakakusanyika kusikiliza. Sauti ya Siti iliingia bara kwa njia ya reli na kwa vichwa vya wachukuzi, ikafika mahali ambapo Kiswahili kilikuwa bado lugha ngeni, na huko ikawa mwalimu wa lugha. Kabla redio haijaenea, santuri hizo zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza vilivyowafanya watu wa Mombasa, Dar es Salaam na Ujiji kusikia maneno mamoja kwa sauti moja.

Nao waliouza gramafoni, sindano zake na santuri zenyewe, katika miji na katika vituo vidogo vya reli, wengi walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi. Hilo tunalijua bila kuambiwa na mtu.

Gazeti la wasiojua kusoma

Siti hakuimba mapenzi tu. Mambo yaliyotokea mjini, mahakamani na ofisini yalifika katika nyimbo zake, na kwa watu wasiojua kusoma nyimbo hizo zilikuwa gazeti. Nyumba yake ilikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe, mahali walipokaa watu wa kazi, wengi wao watoto na wajukuu wa watumwa. Usiku watu walikusanyika kwake, wakasikiliza, wakajadiliana, na mazungumzo ya usiku huu yakawa beti za usiku ujao.

Wimbo wake unaojulikana kuliko yote ni ule wa Kijiti, nao unatuhusu sisi wa Dar es Salaam. Unasimulia habari ya kweli. Mwanamke mmoja alitoka Dar es Salaam kwenda Unguja kutembea. Alichukuliwa matembezini na mwanamume aliyeitwa Kijiti, akadhulumiwa na kuuawa, hali alikuwa mjamzito. Kijiti akavuka bahari akakimbilia bara, yaani upande wetu huu, akaiponyoka sheria ya Unguja. Mashahidi, wanawake waliofuatana na marehemu, ndio waliotiwa hatiani, kwa sababu ya pombe iliyokuwapo katika matembezi yale. Hiyo ndiyo haki iliyotolewa na mahakama ya kikoloni: muuaji huru, marehemu kaburini, na mashahidi kifungoni.

Siti hakuwa na wakili wala gazeti. Alikuwa na wimbo. Aliitaja aibu ile hadharani, na santuri ikalipeleka jina la Kijiti mbali kuliko miguu yake ilivyoweza kukimbia. Leo jina la hakimu aliyetoa hukumu ile halimo midomoni mwa watu, lakini kisa cha mgeni wa Dar es Salaam kinasimuliwa bado.

Wimbo wake mwingine husimulia habari ya mwenye madaraka aliyewala fedha watu wasiojua kusoma, mwishowe naye akaonja kifungo. Ni rahisi kuelewa kwa nini watu wa Ng'ambo walizipenda nyimbo hizo. Ziliwahakikishia kwamba dhuluma imeonwa na mtu na imetajwa kwa jina lake.

Deni letu

Hapa tunaomba radhi kwa kusema jambo ambalo si la kawaida katika kitabu cha sherehe. Tumelipima, tukaona kwamba wasifu usio na ukweli ni sawa na dua isiyo na moyo.

Kwa muda mrefu wa karne ya kumi na tisa, ushuru wa forodha ya Unguja ulikusanywa kwa niaba ya masultani na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Wahindu wa kabila la Bhatia kutoka Kutch. Bidhaa zote zilizopita bandarini zilitozwa: pembe, karafuu, nguo. Na kabla ya 1873, watu nao walitozwa kama bidhaa. Wazazi na mababu wa binti yule wa Fumba walitoka bara kwa njia hiyo. Hatusemi kwamba kila Mhindi alikuwa tajiri wa utumwa. Wengi wa wazee wetu walikuja baadaye sana, wakiwa maskini, na walilala chini ya meza za maduka ya watu. Lakini hesabu ile ilikuwamo katika daftari za watu wa dini yetu, na daftari halisafishwi kwa kulifunga.

Na mwaka uleule wa 1928, mwaka wa safari ya Bombay, watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi zilipojengwa nyumba zao, na wanawake walikuwa mstari wa mbele katika mgomo huo. Miongoni mwa wenye ardhi walikuwamo Waarabu na Wahindi. Basi hali ilikuwa hivi: jioni mwenye ardhi Mhindi aliweza kuketi akamsikiliza Siti na kumsifu kwa moyo wa kweli, na asubuhi akatuma mtu Ng'ambo kudai kodi kwa jirani yake Siti. Aliipenda sauti. Mtaa ilikotoka sauti hakuujua.

Tukiwa wafanyabiashara tunaitazama pia hesabu ya santuri. Katika zama zile mwimbaji kwa kawaida alilipwa ujira wa kurekodi, kisha mauzo yakawa ya kampuni na ya wauzaji. Siti hakuacha utajiri unaolingana na umaarufu wake. Faida ya sauti ile iligawanywa njiani, na kwa kuwa wauzaji wengi walikuwa watu wetu, sehemu yake ilibaki katika sanduku za maduka yetu. Hapakuwa na wizi katika jambo hilo, kwa kuwa ndivyo biashara ilivyokuwa. Lakini mtu aliyekula mgao katika jasho la mwenzake anapaswa angalau kulijua jina lake na kulitamka vizuri.

Hilo ndilo deni tulilolitaja mwanzoni. Haliwezi kulipwa kwa fedha leo. Linaweza kulipwa kwa kukumbuka, na kwa kutorudia kosa la kumsikiliza jirani bila kumjua.

Mwisho wa maisha na yaliyobaki

Siti binti Saad alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950, akiwa na umri wa miaka ipatayo 70. Kwa bahati njema, muda mfupi kabla ya kifo chake alitembelewa na mwandishi Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, ambaye alimsikiliza akisimulia maisha yake na kuandika Wasifu wa Siti binti Saad. Jambo hili ni la shukrani kubwa. Mwanamke asiyejua kuandika alipata mwandishi aliye bora katika lugha yake. Wengi wetu tuliosoma shule za sekondari baada ya uhuru tulikutana na Siti kwa mara ya kwanza katika kitabu hicho, tukiwa tumeketi dawati moja na watoto wa Kizaramo, Kinyamwezi na Kichaga, na hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba habari hizo zilikuwa za wenzetu na si zetu.

Waliomfuata ni wengi. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013 na aliyejulikana ulimwenguni kote, alijifunza kwa kumsikiliza Siti na alizirithi nyimbo zake. Chama cha wanahabari wanawake Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake la kutetea haki za wanawake, kilichagua kuliita Sauti ya Siti, na kwa mwimbaji wa Kijiti hapakuwa na heshima iliyofaa zaidi.

Nayo bahari haikuacha kufanya kazi yake. Baada ya filamu za Kihindi kuanza kuonyeshwa katika miji ya pwani, lahani zake ziliingia katika taarabu. Mombasa, Juma Bhalo aliimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya Kihindi, na wazee wetu walipomsikia walitikisa vichwa, wakawa wanautambua wimbo lakini maneno yake ni ya Mombasa. Sauti moja ilikwenda Bombay mwaka 1928, na nyingine nyingi zikarudi.

Hapa Kurasini tunaishi kando ya bandari. Usiku tunasikia honi za meli zikiingia, na asubuhi tunayaona malori ya makontena yakijipanga Barabara ya Kilwa. Kila mwaka tarehe 7 Julai viwanja vya Sabasaba vinajaa watu, nasi wafanyabiashara tunakwenda huko kutazama bidhaa na kuulizana bei. Siku inayofuata, tarehe 8, ndiyo siku aliyofariki Siti. Ni siku rahisi kuikumbuka. Tunapendekeza kwa kamati ya hekalu, na tunaliandika hapa ili tushikwe kwa neno letu, kwamba kila mwaka siku hiyo ukumbi wetu ufunguliwe jioni kwa majirani wote, waje wanaojua udi, fidla na tari, waje na wazee wenye kumbukumbu ya nyimbo za zamani, na watoto wetu wakae chini wasikilize. Chai na vitafunio vitakuwa juu yetu. Kiingilio hakitakuwapo.

Na itakapofika Navratri, akina mama watakapokiweka chungu chenye taa katikati ya ua, tunawaomba kina binti wetu waulize kimetoka kwa nani. Siku hizi tunakinunua sokoni na kujadiliana bei hadi shilingi ya mwisho. Mwanamke aliyekifinyanga ana jina, ana kijiji, na pengine anayo sauti. Tumwulize jina kabla ya kumwuliza bei.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu, aitwaye kwa majina mengi katika mtaa wetu huu mmoja, amrehemu Siti binti Saad na alijalie hekalu letu na majirani zake amani na umri mrefu. Jai Shri Krishna, na amani iwe juu yenu nyote.